Maharage Chini ya Shangazi

Kazi ilipopungua karakana, fundi makochi alihamishia ubunifu wake wote nyumbani, na mkewe akakoma.

Mkewe huyo alikuwa msusi. Alishinda amesimama saluni, vidole vikipita kwenye nywele za watu, na jioni alirudi amechoka tiki. Lakini kila akirudi alikuta kuna jambo jipya limezuka. Tyubu ya dawa ya meno ilikuwa imepasuliwa kwa mkasi, ili kilichogandia ndani kikwanguliwe kwa mswaki. Vipande vya sabuni vilivyokonda vilikuwa vimetiwa ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, ikaning'inizwa bafuni kama popo. Maji ya kusuuzia nguo hayakumwagwa tena. Yalisubiri zamu yao kwenye ndoo, mlangoni mwa choo. Na taa ya sebuleni ilizimwa mara tu mtu alipoinuka.

"Nimeinuka kuchukua kitana," mke alisema gizani.

"Ndiyo maana nikazima. Kitana hakiko sebuleni."

Kule saluni wenzake walimbatiza mumewe Mkono wa Birika. Msusi alicheka pamoja nao na hakuona vibaya, maana alijua mumewe si bahili. Watu walikuwa hawaagizi makochi kama zamani, na mwanamume yule alikuwa hapendi kumwona mkewe akiongeza wateja ili nyumba isiyumbe. Hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Alilisema kwa soksi ya sabuni.

Kilichomkera fundi kuliko vyote kilikuwa mtungi wa gesi. Wote wawili walipenda maharage, na maharage hayana haraka. Sufuria ilikaa jikoni ikitokota, naye akikaa kando anausikiliza moto kama mtu anayesikiliza mfuko wake ukitoboka. Basi siku moja akarudi kutoka karakana amekumbatia sanduku la mbao. Ndani alikuwa amelisheheneza vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi ya watu, katikati akaacha shimo la kutosha sufuria yao kubwa. Mfuniko wake ulikuwa ubao uliovikwa sponji nene.

"Maharage yanachemka motoni kidogo tu," alieleza, "halafu yanaingia humu na joto lao. Yanajiiva."

"Yanajiiva."

"Yenyewe. Sisi tunaendelea na shughuli zetu."

Siku ya kwanza walilala na chai na mkate. Maharage yalipopakuliwa yaligonga sahani kama kokoto, na fundi akawa hana pa kuweka uso.

"Ulifungua mara ngapi?" mkewe aliuliza.

"Nilikuwa nachungulia tu."

"Mtoto akilala unamfunua kila mara kumuuliza kama amelala?"

Mara ya pili msusi alilishika jambo mwenyewe. Aliyaloweka maharage usiku kucha, asubuhi akayachemsha kwa moto mkali mpaka yakaanza kulainika, akaitumbukiza sufuria sandukuni na kufunika. Kisha akamtoa mumewe nje na kufunga mlango, wakaenda kazini. Jioni walipoinua mfuniko, mvuke uliwapiga usoni. Maharage yalikuwa laini, mchuzi mzito. Waliyala palepale wamesimama, wakichota kwa kijiko kimoja, na fundi hakusema "nilikwambia," ingawa ulimi ulimwasha.

Jiko lilikuwa finyu, hivyo sanduku likahamia sebuleni. Msusi hakutaka mbao tupu mbele ya wageni. Fundi akalivisha mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya tajiri mmoja, akalitia vifungo na kulipiga misumari yenye vichwa vya kung'aa. Ikatoka stuli ya kupendeza, pengine kiti pekee cha maana ndani ya nyumba ile. Kochi lao lenyewe lilikuwa na springi iliyochomoza, maana fundi alikuwa na muda wa makochi ya kila mtu isipokuwa la kwake.

Sasa, msusi alikuwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu utoto. Shangazi hakumpinga fundi waziwazi siku ya posa. Aliuliza tu kama huyo mtu wa gundi na misumari hana kaka. Tangu hapo alikuwa haji mara kwa mara, na alipokuja aliitazama nyumba kama mnunuzi aliyetajiwa bei isiyomridhisha.

Jumapili moja, adhuhuri, alitokea bila taarifa.

"Shikamoo, shangazi," wenyeji walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mgongo unaniua."

Akalitupia kochi jicho moja, akaiona springi. Akapita. Akaketi kwenye stuli.

Fundi alifungua kinywa. Mkewe alimkatia jicho, akakifunga. Wali ulikuwa umeiva jikoni, sahani zilikuwa zimepangwa, na maharage yalikuwa chini ya shangazi.

Mwanzoni msusi aliona ni suala la dakika chache tu. Mgeni angetaka maji, angeinuka kunawa, au angeenda kuchungulia vyumba kama kawaida yake. Shangazi hakuinuka. Alijisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akatulia. Uso wake ukalainika.

"Mkwe, kiti hiki umekipata wapi?"

"Nimekitengeneza, shangazi."

"Kina kijoto fulani."

"Ni sponji," fundi alisema, jasho likimtoka. "Sponji nzuri."

Msusi alijaribu kwa adabu. "Shangazi, hamia huku kwenye kochi upate kuegemea."

"Niache, mwanangu. Mgongo wangu haujapata raha hii tangu mvua zianze."

Akaanza habari za majirani zake, moja baada ya nyingine. Wali ukaanza kupoa. Wenyeji wakakutana jikoni.

"Mwambie," fundi alinong'ona.

"Mwambie wewe. Sanduku ni lako."

"Shangazi ni wako."

Walibaki wakitazamana, kila mmoja anauma midomo asicheke. Wakati huo sauti ikatoka sebuleni: "Nyumba hii watu wanakula saa ngapi?"

Msusi akapiga moyo konde, akaenda kusimama mbele yake. "Chakula kiko tayari, shangazi. Ila umekikalia."

Shangazi alimtazama mtoto wake wa kulea kama anayetafuta tusi limejificha wapi. "Nimekalia nini?"

"Maharage. Yako ndani ya kiti. Yanajiiva."

Mama yule akainuka polepole, mkono kiunoni, akageuka. Fundi akapiga magoti, akainua mfuniko wa mahameli, kisha mfuniko wa sufuria, na harufu ya vitunguu na nazi ikajaa chumba kizima. Shangazi aliitazama sufuria. Akamtazama mkwe. Mabega yakaanza kutikisika, na kabla hawajajua wafanye nini, alikuwa ameshika ukuta, machozi yanamtiririka kwa kicheko.

"Kumbe naatamia," alisema alipopata pumzi. "Umri huu naatamia kama kuku."

Walikula mpaka sufuria ikafutwa. Shangazi aliongezwa, akaongezwa tena, huku akimhoji mkwe wake juu ya sponji: ipi inashika joto, ipi inalala upesi, na kwa nini godoro lake limekuwa kama chapati. Fundi alijibu kwanza kwa kigugumizi, halafu mikono ikaanza kueleza pamoja na mdomo, kama afanyavyo akiwa karakana. Msusi alikuwa hajawahi kuwasikia wawili hao wakizungumza zaidi ya salamu. Alikula taratibu, asije akaharibu.

"Nami nitengenezee kimoja," shangazi alisema akinawa.

"Cha kukalia tu, au cha maharage?"

"Cha maharage. Nikikaa, angalau nijue nina kazi."

Fundi alimsindikiza. Msusi alisimama mlangoni akiwatazama wakishuka mtaa, mwendo wa pole kwa ajili ya ule mgongo. Walipofika konani walisimama. Shangazi alitanua mikono kuonyesha upana wa sufuria yake, fundi akatikisa kichwa kwamba ni kubwa mno, shangazi akaitanua zaidi.