Nakubali Kabisa

Kazi yangu ni kuwauliza watu kama wanawachukia vichaa. Kwenye barua ya ajira hawakuandika hivyo. Waliandika "mdodosaji, mradi wa kupima unyanyapaa wa jamii dhidi ya ugonjwa wa akili", wakanipa na fulana yenye maandishi ya kijani mgongoni. Lakini baada ya nyumba mia moja na tisini, miguu imevimba na koo limekauka, mtu huchoka hata kuyavalisha maneno.

Maswali ni thelathini na mawili. Nasoma sentensi kwenye kishikwambi, mtu anachagua jibu: nakubali kabisa, nakubali, sijui, sikubali, sikubali kabisa. Naweza kuishi jirani na mtu mwenye ugonjwa wa akili. Nakubali kabisa. Naweza kula naye sahani moja. Nakubali kabisa, na wewe karibu ule. Mgeni haambiwi sikubali, sembuse mgeni anayeondoka akiacha mche wa sabuni. Ukikiamini kishikwambi changu, kuanzia Bangwe hadi Kibirizi hakuna anayemnyanyapaa mtu. Nilimwambia msimamizi wetu Nathaniel, kijana mpole aliyeletwa kutoka Dodoma, kwamba majibu haya ni adabu tu. Akanijibu kwa upole kwamba tunaandika kinachosemwa. Basi naandika.

Najua ni adabu kwa sababu nyumbani ninaye. Kaka yangu Alphonce, mtoto wa kwanza wa marehemu baba, aliugua miaka tisa iliyopita. Alivua nguo zote sokoni Ujiji akawa anawahubiria wauza mawese. Walimfunga kamba, wakampiga, na tangu siku ile mtaani hatukuitwa tena kwa majina yetu. Tukawa "wale wa umusazi". Ndivyo Kiha kinavyomwita kichaa, na likishatamkwa kwa Kiha halina hospitali. Tuliuza nyumba tukahamia Bangwe. Sasa Alphonce anachomwa sindano kila mwezi na ana miaka sita hajayumba. Analima muhogo nyuma ya nyumba, anafagia uwanja, anasonga ugali unaonishinda mimi. Kilichobaki ni mikono, inamtetemeka kidogo kwa sababu ya dawa. Bangwe hawajui, nasi hatujawaambia.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka uzee kama si mdogo wetu Yunisi. Ana miaka ishirini na sita, anafundisha watoto wa chekechea, na anapendwa na Bariki, fundi wa injini za boti. Kupendana si kazi. Kazi ni kwamba huku kwetu, kabla barua ya posa haijaandikwa, upande wa mwanamume huchunguza ukoo. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wachawi? Kuna umusazi? Hawaji na kishikwambi. Wanamtuma shangazi kwa jirani yako kuomba chumvi, na akirudi nayo amekumaliza. Mchumba wa kwanza wa Yunisi aliishia hapo hapo. Shangazi yake alifika Ujiji, na baada ya hapo simu haikupokelewa tena. Yunisi alilia wiki mbili, kisha akanyamaza kabisa, na kile kimya kilinitisha kuliko kilio. Niliapa kwamba huyu wa pili hatapotea.

Jumanne ile kishikwambi kilinipangia nyumba moja Kibirizi, juu kidogo ya mwalo, pale boti zinapoteremsha dagaa. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sitini hivi, Mama Eufrasia, mchangamfu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinivutia kigoda. Alijibu maswali yote bila kupumzika, mikono ikichambua dagaa kwenye ungo. Nilipofika swali la ishirini na tisa, lile ambalo hata wenye adabu hukohoa kwanza, nikasoma polepole: "Naweza kukubali mtoto wangu aoe katika familia yenye mtu mwenye ugonjwa wa akili."

"Nakubali kabisa," akasema. "Mgonjwa ni mgonjwa, mwanangu. Nani kaomba kuugua?"

Hakusita hata kidogo. Nilibonyeza jibu lake nikahisi macho yananiuma, sijui ni uchovu au ni matumaini. Katika nyumba zote nilizopita, huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini. Nilimaliza maswali yaliyobaki, nikampa sabuni yake, nikaanza kufunga begi.

"Kaa kwanza," akasema. "Umeniuliza weee, sasa na mimi nikuulize. Wewe unazunguka Bangwe nyumba kwa nyumba, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna nyumba ya marehemu Wilfred, yule aliyekuwa mtu wa reli. Kijana wangu Bariki anamtaka binti wa pale, anaitwa Yunisi." Akausogeza ungo pembeni, akashusha sauti. "Niambie ukweli, mwanamke kwa mwanamke. Kwenye ukoo ule hakuna umusazi?"

Kishikwambi hakikuniambia naingia nyumba ya nani, na Yunisi hakuwahi kunitajia jina la mama mkwe.

"Mama, si umesema sasa hivi unakubali kabisa?"

"Nimekubali mgonjwa wa akili," akasema, akinishangaa. "Hao wa hospitali, wenye mawazo mengi, mbona nawahurumia. Umusazi ni kitu cha damu. Nikiingiza ile damu humu, wajukuu zangu nitawaficha wapi?"

Hakuwa anadanganya, masikini. Alijibu maswali thelathini na mawili kwa moyo mweupe, ila yalikuwa yanamhusu mtu mwingine. Mradi mzima ulikuwa umelipima neno ambalo halijamdhuru yeyote.

Kanuni zetu zinasema mdodosaji hatoi habari za kaya nyingine. Ningeweza kujificha nyuma ya kanuni, lakini kwenye kuchunguza ukoo anayenyamaza ameshasema ndiyo.

"Hakuna, mama," nikasema.

"Na yule mwanamume mrefu anayefagia uwanja? Wifi yangu alipita akamkuta anaongea peke yake."

Alphonce akifagia huimba nyimbo za kwaya, sauti ya chini, kwa sababu anajua watu wanasikiliza.

"Yule ni kibarua wao."

Lilinitoka kirahisi hivyo. Mama Eufrasia akashusha pumzi, akanifungia dagaa kwenye gazeti. Akaniambia Jumamosi mshenga atafika.

Nyumbani niliwasimulia wote wawili, sikuficha. Alphonce alikuwa anamenya muhogo. Alimenya mmoja mpaka mwisho ndipo akauliza, "Kibarua wa siku au wa mwezi?"

"Wa mwezi," nikasema.

"Afadhali. Angalau nina likizo."

Alicheka, nasi tukashindwa kucheka naye. Yunisi akasema, "Dada, nenda ukamwambie yule mama ukweli, kama hataki basi." Lakini alisema huku akiangalia chini, na Alphonce aliliona hilo kabla yangu.

"Haendi mtu," akasema. "Wa kwanza alikimbia kwa ajili yangu. Huyu simkimbizi."

Niliona aibu, na nilifurahi pia, hilo nalo niliseme. Nilifurahi kwamba ameamua yeye.

Nilipanga Jumamosi Alphonce ashinde shambani. Akakataa, akisema wageni wameshasikia kuna kibarua, wasipomwona ndipo wataanza kuuliza. Alivaa shati lake la shambani, lile lililochanika begani. Baba yetu mdogo Feliksi aliteremka kutoka Kalinzi kwa pikipiki kuja kuwapokea wageni, nami nikamweleza tangu mlangoni. Alitikisa kichwa tu, hakupinga. Mama wa kijana haji kwenye barua, kwa hiyo sikuwa na hofu ya kutambuliwa. Kwamba siku ya harusi ataniona na kunikumbuka, hilo niliiachia siku ya harusi.

Mshenga alikuwa Mzee Isaka, mtu mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na alikuja na wenzake wawili. Salamu zilikwisha, habari za njia zikaisha, chakula kikawekwa mezani. Alphonce akasimama mlangoni na birika na beseni, taulo begani, akisubiri kuwanawisha. Mzee Isaka alitoa barua iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, lakini hakumpa baba mdogo.

"Mzee Feliksi, wewe tunakuheshimu," akasema. "Ila Bariki ametuambia binti ana kaka mkubwa. Baba akishatangulia, mwenye nyumba ni huyo, na si vizuri barua imruke. Yuko wapi, tumkabidhi?"

Yunisi alikuwa amemwambia mchumba wake kwamba ana kaka. Habari ya pili, ya ugonjwa, hakuimalizia. Nani angeweza kumlaumu?

Baba mdogo alinitazama mimi. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ndiye huyu. Nilishayaweka mdomoni. Kisha nikaona vidole vya miguu ya Yunisi chini ya pazia la chumbani, vimejikunja, vinasubiri. Mimi ninayezunguka mji mzima nikiwapima wenzangu, nilifunga mdomo.

"Kaka mkubwa amesafiri, Mzee," Alphonce akasema kutoka mlangoni.

Wageni wakageuka.

"Yuko ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Biashara ya samaki imemshika."

"Ahaa. Na wewe ni kijana wa hapa?"

"Nawasaidia kazi, Mzee."

"Ni mtu wa namna gani, huyo bosi wako?"

Alphonce alifikiri. Naapa alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kumtendea haki mwenzake.

"Si mtu mbaya, Mzee. Anawapenda sana dada zake."

Mzee Isaka akaridhika, akamkabidhi baba mdogo barua kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia nilimsikia Yunisi akivuta pumzi.

"Akirudi mwambie tulimtafuta yeye kwanza," mshenga akasema. "Mwambie tumemheshimu."

"Nitamwambia," akasema Alphonce.

Aliingia akapiga goti mbele ya Mzee Isaka, akammiminia maji, kisha wenzake, kisha baba mdogo. Birika ilitetemeka, na mgeni mmoja akamwambia taratibu, hatuna haraka. Alipowamaliza alikuja kwangu, akaweka beseni miguuni pangu bila kuniangalia usoni. Nikanyoosha mikono. Nikanawa.