Mashine Isiyouliza Jina

Domnica Hrițcu aliingia dukani kwa Sorin saa nne asubuhi, flashi ikining'inia shingoni chini ya blauzi. Ndani yake mlikuwa na majina mia moja na kumi na mawili ya washonaji wa kiwanda cha mashati, na kufikia saa nane yalitakiwa yawe yamejazwa kwenye fomu na kufika mezani kwa mkaguzi wa kazi pamoja na malalamiko yao. Yakitangulia kufika kwa mkurugenzi wa kiwanda, wote hao kazi hawana.

"Hii itakufaa, mama," Sorin alisema, akifunua kompyuta mpakato ya kijivu. "Mfumo endeshi umo tayari. Unawasha, unafanya kazi."

Akaiwasha. Skrini ikataka jina. Kisha namba ya simu. Kisha barua pepe.

"Ya nini yote hayo?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi. Kila mtu anajaza."

Kila mtu! Hata zamani kila mtu alijaza. Baba yake Domnica alikuwa na mashine ya taipu, na kila mwaka, kama sheria ilivyotaka, aliibeba begani hadi kituo cha milisia, polisi wa utawala wa enzi hizo, akapiga herufi zote mbele ya sajenti, karatasi ikabaki huko. Mwaka alioandika barua ya kulalamikia uhaba wa mkate, hawakuhangaika kumtafuta. Walilinganisha herufi tu, wakaja kumchukua jikoni. Wapo wanaosema hayo yamepita. Waulizeni wao walikuwa wapi.

"Ifunge," alisema. "Nataka isiyouliza jina."

Sorin akacheka. "Mama, unanunua kompyuta au unakwenda kuvunja benki?"

"Cheka tu. Orodha yetu ya kwanza tuliiandika kwenye kompyuta ya ghala la kiwanda. Tukaifuta. Jumatatu yake kumi na watatu wakafukuzwa, kwa mpangilio uleule wa orodha."

Kicheko kikakatika. Sorin akatoa kompyuta nyingine, tupu, isiyo na mfumo wowote, akaanza kuipakia mfumo wa Linux bila kuinua macho.

"Huu ni wa bure, hautaki akaunti. Utataka neno la siri, nalo linabaki humu humu. Fomu za mkaguzi unazifungua." Vidole vikasita. "Kufuta si kufuta, mama. Kitu kinabaki chini, anayejua anakiinua."

"Na aliyejua ni nani?"

Sorin aliiacha kibodi. "Kiwanda ndicho mteja wangu mkubwa. Waliniita, wakasema wamepoteza hesabu za ghala. Nikainua faili lililofutwa, nikawachapia. Nilipoona ni majina..."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mkono wa Domnica ulikwenda kifuani, ukaishika flashi. Muda wote aliogopa skrini, kumbe aliyewatoa wenzake wa kiwandani kafara ndiye huyu anayemwita mama! Angeweza kutoka. Lakini duka jingine liko mji wa pili, na saa nane haisubiri mtu.

Mfumo ulipokwisha kuingia, alichagua neno la siri akiwa amempa Sorin mgongo. Kisha akafungua ukurasa mweupe, akaigeuza kompyuta imtazame Sorin. Flashi hakuichomeka.

"Majina yetu huyaoni tena. Andika lako. Siku waliyokuita, aliyekuita, ulichowachapia. Hayo nayo yanakwenda kwa mkaguzi."

"Mama, wataniua kibiashara."

"Kumi na watatu hawana cha kuinjika jikoni. Andika."

Sorin akaenda kufunga mlango kwa ufunguo, akarudi, akaketi. Aliandika haraka, kama mtu anayeijua kazi yake. Domnica alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno, na alipofika kwenye "niliombwa" akamgonga kwa kidole.

"Nililipwa," alisema. "Andika nililipwa."