Sehemu ya Kuchomekea

Naomba tuelewane mapema: mimi si bahili. Wanaoniita bahili ni wale wanaonunua blanketi jipya dukani, likifuliwa mara mbili linaanza kunyonyoka kama kuku mgonjwa, wanarudi kununua lingine. Mimi mablanketi yangu ni ya viraka, nayashona mwenyewe. Juu naunga vipande vya nguo zilizochoka, katikati naweka blanketi kuukuu, chini natia gunia la unga la kitambaa, nililolifua na kulianika mpaka maandishi yakafutika. Nimeshona zaidi ya arobaini. Watoto wa mtaa huu wamelala humo mpaka wameota ndevu, na mablanketi yapo.

Siri yake ni kuchagua. Kitambaa nakichagua kama mtu anavyomchagua mkwe: sidanganyiki na sura. Kwanza nakiinua mbele ya dirisha; mwanga ukipita ovyo, kwaheri. Halafu nakilowesha na kukisugua kwenye kitambaa cheupe nione kama kinatoa rangi. Mwisho nachomoa uzi mmoja nauchoma kwa kiberiti. Ukiwa jivu, hiyo ni pamba, karibu ndani. Ukiyeyuka na kuwa kitone kigumu, hiyo ni nailoni, na nailoni ikikaa juu ya mtoto usiku kucha inamchemsha kama kiazi.

Na mashati ya wanaume, hayo ndiyo dhahabu. Shati likichakaa, kola imeliwa, viwiko vimetoboka, mabega yamepauka. Lakini shika ile sehemu ya chini, ya kuchomekea kwenye suruali. Pale jua halijawahi kufika. Rangi bado ni ile ya siku lilipotoka dukani, na kitambaa kina nguvu zake zote. Mwanamke anayejua kazi akipewa shati bovu anaanzia pale.

Sasa utaniuliza, mume wako alikuwa na mashati mangapi? Kumi na moja. Mazuri, ya poplini, ya mistari mistari. Mume wangu alikuwa dobi wa hospitali, na mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata mkate. Nguo zake hakuruhusu mtu aziguse. Alifua mwenyewe huko huko kazini, akapiga pasi mwenyewe, akatundika mwenyewe. "Dobi anayefuliwa na mkewe," alikuwa anasema, "ni sawa na mpishi anayekula hotelini." Nami nilikuwa nasema alhamdulillahi, kazi imepungua.

Pasi amefariki miaka minne sasa. Wifi yangu, dada yake, ndiye aliyekunja yale mashati akayatia kwenye begi la zipu, akaliweka juu ya kabati. Mimi siku hizo sikuwa na hali ya kukunja chochote. Tangu hapo begi lilikuwa pale juu, na mimi nilikuwa hapa chini, kila mtu na zake.

Mwezi uliopita mwanangu akapiga simu. Ni huyu mmoja tu tuliyejaaliwa, ameolewa mbali, mji wa baridi, na alikuwa amebakiza wiki tatu ajifungue.

"Mama, blanketi la mtoto umeanza?"

"Nimeanza zamani." Sikuwa nimeanza.

"Nataka kama langu lile. Lile lile. Na mama... Baba awemo."

"Awemo vipi?"

"Mashati yake, mama. Mtoto hatamwona babu yake. Basi angalau alale naye."

Nikasema ndiyo. Ungesema nini wewe? Nikakata simu, nikakaa kitandani nikaliangalia begi, begi likaniangalia. Nisikufiche, niliogopa. Mashati yale yakiwa mazima, kulikuwa na upande fulani wa kichwa changu ulioamini kwamba mwenyewe atarudi kuyadai, anune kwa nini yamekunjwa vibaya. Nikitia mkasi, namwambia nini? Mtu aliyefukiwa na kaburi lake limejengewa, mimi nilikuwa bado namtunzia mashati.

Basi nikaanza kuzungukazunguka. Nikakusanya kila kitu isipokuwa kile nilichoombwa. Nikapewa shuka la jirani, zuri, likafaulu mitihani yote mitatu. Nikapata gauni la wifi yangu la maua, likatoa rangi kama limekatwa mshipa, nikamrudishia. Nikachukua pazia langu mwenyewe la jikoni. Gunia la unga nikalifua mara ya tatu. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, nina rundo la vipande mezani na Pasi hayumo hata kimoja.

Ndipo likanijia wazo, nikajiona mwerevu. Nilikumbuka Ijumaa. Miaka yote ile, kila baada ya muda, Ijumaa, Pasi alikuwa akitoka kazini anapitia kwa fundi wa kona, rafiki yake, anarudi na kipande cha kitambaa mfukoni. "Fundi amekupa salamu," anasema, ananiwekea mezani. Poplini safi, ya mistari, imara, mara ya buluu, mara ya kijani. Na siku zote kilikuja pale nilipokwama. Nikilalamika Jumanne kwamba nakosa buluu ya kumalizia, Ijumaa buluu hiyo. Nilikuwa namwambia, "Mshukuru sana fundi wako, ana moyo." Yeye anacheka tu, anajipapasa mgongoni.

Nikajiambia: nitapata poplini kwa fundi, ya mistari inayofanana. Mtoto mchanga atajua nini? Mama yake naye hataleta darubini. Naam, nilipanga kumdanganya mwanangu, na sijivunii.

Fundi wa kona amezeeka, lakini cherehani bado anaikanyaga. Nilimkuta ameinamia suruali, sindano mdomoni, tepu shingoni, chini ya meza vimejaa vipande vya khaki mpaka miguu yake haionekani.

"Shemeji!" akasema, akatoa sindano mdomoni. "Leo umetutembelea! Mvua itanyesha."

"Acha maneno yako. Nataka vile vipande vya poplini."

"Poplini gani?"

"Vya mistari. Ulivyokuwa unampa mwenzako Ijumaa."

Akasimamisha cherehani. Akaniangalia juu ya miwani. "Shemeji, mimi nashona suruali. Tangu nimekalia kiti hiki nashona suruali, na kaptula za shule. Poplini ya mistari ningeitoa wapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Haki ya Mungu. Pasi alikuwa anapita hapa, kweli. Tunakunywa chai, tunasema watu, anakwenda zake. Kipande hata kimoja sijawahi kumpa. Ungetaka khaki ningekupa gunia zima." Akaonyesha chini ya meza, kana kwamba sijaona.

Sikumuaga. Nilitoka pale damu inanichemka. Maana nilipiga hesabu yangu haraka: kama si fundi, basi ni nani? Mtu mwenye poplini nzuri, ya mistari, anayempa mume wangu Ijumaa hadi Ijumaa? Ni mwanamke! Fundi wa kike, tena wa mashati. Na mimi, mjinga wa mwisho, nilikuwa nachukua masazo yake nashonea watoto wa watu, na kumtumia shukrani! Njiani nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti. Watoto waliokuwa wanacheza mpira walinipisha.

"Miaka thelathini na mmoja, Pasi," nilikuwa nasema. "Na ulivyokuwa unacheka!"

Nilifika nyumbani, nikavuta stuli, nikapanda. Lile begi nililoliogopa miaka minne nililishusha kwa mkono mmoja likaangukia kitandani, puu. Hasira ina nguvu jamani. Nilitaka ushahidi: barua, leso, nywele, chochote. Nikavuta zipu.

Harufu ikanipiga kwanza. Sabuni ya mche na mvuke wa pasi. Nikashika ukingo wa kitanda. Halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika, nikavuta shati la kwanza, la mistari ya buluu, nikalikung'uta.

Lilikuwa fupi.

Mbele lilikuwa sawa, vifungo vyote vipo. Nyuma liliishia kiunoni. Ile sehemu yote ya kuchomekea haikuwepo. Nikavuta la pili, la kijani. Halina. La tatu. La nne. Nikayamwaga yote kitandani, nikayageuza moja moja. Tisa kati ya kumi na moja, yamekatwa nyuma, viganja viwili hivi kwenda juu.

"Wifi!" nikapiga kelele dirishani, maana tumepakana. "Wifi, njoo! Panya wameyamaliza!"

Akaja mbio, mikono ina povu. Akatazama kitanda, akanitazama mimi.

"Panya gani?"

"Si hawa waliokula mashati!"

"Panya wanakata kwa rula?" Akashika shati moja. "Wifi, mimi niliyaona hivi hivi siku ile nayakunja. Nilijua ni wewe. Nikasema moyoni, huyu mwanamke jamani, hata mumewe akiwa hai alikuwa anamkatia nguo mwilini. Nikanyamaza kwa sababu ya msiba."

"Mimi?"

"Nani mwingine anakata mashati nyumba hii?"

Nikalichukua lile shati nikalipeleka dirishani, kama ninavyofanya siku zote. Pale lilipokatwa palikuwa pamekunjwa na kushonwa kwa mkono, lisichanike. Uzi mweupe kwenye kitambaa cha buluu. Mishono mirefu, imepinda, kama ya mtu anayefunga gunia la mkaa. Mwanaume aliyeweza kupiga pasi kola mpaka isimame, kushona hakujua hata kidogo. Alikata kwa wembe, nadhani, kwa kuwa mkasi wangu wa vitambaa alikuwa anauogopa kuliko alivyoniogopa mimi.

Vipande vile, sasa nakumbuka, vilikuwa vinafika vimenyooka, vina mkunjo katikati. Fundi gani duniani anapiga pasi vipande? Kitu kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, mimi naangalia mistari tu.

Na nilivyokuwa namtania! Kila siku amechomekea. Jumapili amechomekea. Joto la kuyeyusha mshumaa, wenzake wako vifua wazi, yeye amechomekea na mkanda amekaza. Nilikuwa namwita mwalimu mkuu asiye na shule. Akiinama kuokota kitu anajipapasa mgongoni haraka, namuuliza, "Una upele?" Anasema, "Upepo tu." Upepo, kweli! Mgongo wake ulikuwa wazi.

Nililia pale, wifi yangu akanikumbatia na povu lake lote. Nililia kwa aibu ya njiani, na kwa fundi wa kike ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kwa Ijumaa zote zile nilizotuma shukrani kwenye anwani isiyo yake. Nilimtumia fundi asante mara ngapi? Pasi sikumwambia hata mara moja.

Nilipotulia nikapiga simu.

"Mwanangu, lile blanketi lako unalo?"

"Ninalo, mama. Nimejifunika hapa."

"Angalia kona ya chini. Kuna kipande cha mistari ya kijani."

"Hiki? Nilichokuwa nakinyonya nikiwa mdogo?"

"Hicho hicho. Ni shati la baba yako."

Nikasikia anavuta kitambaa, anakigeuza.

"Mama, si ulisema vya fundi?"

"Nilisema. Sikujua. Angalia na katikati, ile buluu. Na ile ya kahawia pembeni yake. Zote ni zake. Na la mtoto wa jirani, na la mapacha wa pale kwa muuza maziwa, na hili la kitandani kwangu. Tumekuwa tunajifunika baba yako miaka yote, mwanangu, na mwenyewe anatembea mgongo wazi."

Alikuwa analia na kucheka, sikuweza kutofautisha, na mimi vile vile. Mwisho akasema, "Basi mama, usiyakate. Kama alishakuwemo kwangu, inatosha. Yatunze hayo yaliyobaki."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Wewe umelala na babako. Huyo anayekuja amekosa nini?"

Nikaweka simu chini. Wifi alikuwa amekwenda kumalizia nguo zake. Nikalitandaza shati la kijani mezani, nikaligeuza mgongo juu, nikalilainisha kwa kiganja. Uzi sikuuchoma, huyo namjua. Ile mishono yake mibaya sikuifumua. Nitaishona vile vile ilivyo, mtoto ataikuta.

Kisha nikachukua mkasi, nikaanzia pale alipoishia.