Sanduku la Bosi Lililogoma Kuhama

Mkurugenzi wetu wa Ofisi ya Maji, Bwana Gerald Brandvold, alisifika kaunti nzima kwa barua pepe zake. Bomba likipasuka likamfurikia mtu chumba cha chini ya nyumba, jioni yake anapata maneno ya Brandvold, laini kama blanketi lililotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukaushia. Watu waliyachapisha wakayabandika kwenye friji. Huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, kubandikwa kwenye friji ya mtu kunazidi nishani.

Aliyeyaandika ni Darlene Pelkey, katibu wake, miaka kumi na tisa mfululizo. Alikuwa na ruhusa ya kufungua sanduku la barua pepe la bosi na kujibu kwa jina lake. Ofisi nzima tulijua, na kwa adabu zetu, ofisi nzima tulinyamaza.

Februari bodi ikatangaza nafasi ya mkuu wa mawasiliano. Darlene akaomba. Fomu ilitaka neno la mkurugenzi, na hilo moja ilibidi aliandike mwenyewe: "Mchapaji mzuri. Kuandika hawezi." Karatasi ikapita mezani kwa Darlene, kama karatasi zote. Akaisoma, akaigonga muhuri, akaituma. Usaili ulikuwa Alhamisi ya wiki ya pili.

Siku hizohizo mimi, fundi wa kompyuta wa ofisi, nilipewa kazi ya kuhamisha barua pepe. Seva yetu kuukuu inanguruma ghorofa ya chini, karibu na pampu. Masanduku yalitakiwa kwenda kwenye huduma ya wingu, yaani mashine za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti. Wengine wangetangulia, wengine wangebaki kwa muda, na pande mbili zingeunganishwa zifanye kazi kama ofisi moja. Ila kwa mpangilio wetu, aliyehamia wingu hakuweza tena kujibu kwa jina la aliyebaki chini. Hilo nilifundishwa darasa la jioni, binti yangu Junie akiwa amelala kwa bibi yake: bosi na katibu wahame pamoja.

"Bosi, wewe na Darlene mhame siku moja," nilisema kikaoni.

"Mimi siendi mawinguni. Barua zangu zikae hapa, nizisikie zikinguruma."

"Basi na Darlene abaki."

"Abaki kwa nini?"

Watu kumi na mmoja wakazikodolea macho donati zao.

"Kwa ajili ya ile ruhusa, bosi. Ya kukujibia."

"Barua zangu najibu mwenyewe, binti. Mhamishe."

Darlene akakata donati yake kwa kisu cha plastiki, nusu akanisogezea. "Umemsikia bosi, mwanangu. Nihamishe."

Jumatatu iliyofuata, Darlene akiwa ameshahamia wingu, bomba la mtaa wa Birch likapasuka. Bi Ostby, mjane, akaandika kwamba albamu ya harusi yake imelowa yote. Bosi akamjibu mwenyewe: "Sawa. Maji hulowesha." Jibu lenyewe alilituma kimakosa kwa kaunti nzima. Mwenyekiti wa bodi, Bi Ione Haugen, akamwandikia kwamba jibu lake linavutia. Kwetu neno hilo ni kofi.

Jumanne bosi alikuja kwangu mbio. "Nihamishe leo!"

"Sanduku lako lina picha elfu tisa za samaki, bosi. Litafika Ijumaa."

"Zifute!"

"Nianze na yupi?"

Akafikiri sana. "Yule wa Julai usimguse. Na kaka yake. Basi ziache."

Jumatano nilikuwa chini ya meza yake nikibadilisha waya, akamwita Darlene.

"Mama, njoo ukae kwenye kompyuta yangu. Tumwandikie Ione kuhusu Birch. Iwe kama zile zangu."

Darlene akakaa, vidole juu ya kibodi. "Haya, bosi. Nitajie maneno."

"Maneno... si unajua wewe!"

"Nitajulia wapi? Mimi mchapaji. Kuandika siwezi, umethibitisha kwa mkono wako."

Niling'ata mkono wa sweta.

"Andika... 'Ione.'" Akageukia dirisha; theluji haikumsaidia. "'Kuhusu maji.'" Akakuna kidevu. "'Yalikuwa mengi.'"

"Nukta?"

"Nukta."

"Niitume?"

"Itume tu!"

Alhamisi Darlene aliingia kwenye usaili amevaa kizibao cha Pasaka. Alinisimulia baadaye. Bi Haugen aliweka karatasi mbili mezani: moja kaitoa kwenye friji ya dada yake, nyingine ni hiyo ya maji mengi.

"Hii ya friji nani kaiandika, Darlene? Niambie kweli."

Miaka kumi na tisa hakuwahi kulisema. "Mimi."

"Na hii?"

"Hiyo niliichapa tu."

Kazi akapewa palepale.

Ijumaa sanduku la bosi lilitua kwenye wingu, samaki wote salama.

"Sasa mrudishie Darlene ruhusa, binti."

"Ameniomba nisimrudishie, bosi. Ana ofisi yake sasa."

"Humu kuna barua mia mbili na sita! Naanzaje?"

"Anza na jina la mtu. Bi Ostby anangoja tangu Jumatatu."

Akainamia kibodi, kidole kimoja hewani. Nikavaa koti nikamchukue Junie kabla kituo cha watoto hakijafungwa. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaipata herufi B.