Mtamba Aitwaye Nafuu

Kila asubuhi Stanslaus alipiga mswaki uani, akatema povu kwenye migomba, kisha akamwuliza mke wake mdogo, Robi, kupitia dirishani, "Umepata nafuu?" Robi alijibu, "Kidogo." Hapo mtamba mweupe aliingia uani, akaupita mlango wa mke mkubwa, Jenoveva, bila kugeuza shingo, akaenda kulala kando ya kitanda cha Robi na kumnyonya homa.

Kijiji kizima cha Buswahili kinamjua mtamba huyo. Anaitwa Nafuu. Huja mgonjwa anapoulizwa, na mgonjwa hujibu "kidogo" hata kama amepona kabisa, maana akijigamba mtamba hukasirika. Ukijiuliza mwenyewe haji. Jenoveva alishajaribu, akajiuliza mpaka sauti ikamkauka.

Jenoveva na Robi ni wake wenza. Walinywa maji ya kisima kimoja, wakashikwa na homa ya matumbo wiki ileile. Lakini mume wao alisimama kwenye dirisha moja tu, utadhani maneno yanauzwa kwa mizani. Wivu ulimkaba Jenoveva kuliko homa yenyewe. Alitaka aulizwe, basi. Hata kwa kupita tu, hata mswaki ukiwa mdomoni.

Asubuhi moja, Stanslaus alipokwisha kuuliza na kuondoka, Jenoveva alijikokota akaweka kizingitini magadi, chumvi wanayoipenda ng'ombe. Mtamba akafika, akasimama, akalamba. Jenoveva akamtia kamba shingoni, akamfunga kwenye mguu wa kitanda, akajilaza kusubiri. Mtamba alicheua tu. Homa haikushuka, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Jua lilipopanda Robi akaja, ameshika ukuta.

"Dada, si alikuwaga anakuja kwangu huyu?"

"Mume wako, ng'ombe wako. Mimi nibaki na nini?"

Robi akaiangalia midomo ya mwenzake iliyopasuka. Akakaa chini.

"Kwani wewe, dada, umepata nafuu?"

Mtamba akanyanyuka, akaweka pua juu ya tumbo la Jenoveva, akainyonya homa yote. Jenoveva akatoka jasho, akasikia njaa. Alichukia kuponywa na mdomo ule kuliko mingine yote.

"Kidogo," alijibu, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

Jioni Stanslaus alirudi kutoka Musoma na furushi la dagaa. Akasikia ng'ombe anacheua nyumba kubwa, akainama mlangoni. Jenoveva akajifunga khanga vizuri, akakaa wima kitandani.

Mume akampita. Akapiga goti, akamshika mtamba sikio, kama wafugaji wanavyopima homa.

"Mbona wa moto hivi?" alisema, kwa upole ambao Jenoveva hakuwa ameusikia tangu mtoto wao Abraham azaliwe. "Pole, mama. Umepata nafuu?"

Mtamba akamlamba mkono. Jenoveva akashuka kitandani, akaenda jikoni kuchochea moto, akimwonea wivu ng'ombe.