Hofu Yangu Kwenye Mizani ya Watoto

Jana nililala nikiwa nimeshaamua kwamba asubuhi nitasema naumwa. Wodini kulikuwa na bibi aliyekuwa akikata roho taratibu, na nilipangiwa mimi kumhudumia. Sijawahi kumwona mtu akifa. Basi nikaota.

Tuko darasani, chuo cha uuguzi. Mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto, imetundikwa juu ya ubao na inaita majina.

"Solveig wa Norwe. Lete hofu yako ya kifo."

Solveig, tunayelala naye chumba kimoja, anavua hofu yake kama sweta iliyolowa, anaikamua kwanza, anaining'iniza.

"Inatosha," inasema mizani. "Kokugonza wa Bukoba."

Yangu inanishinda kubeba. Naiburuza. Mizani inalia kwa uchungu.

"Siwezi kuzilinganisha," inasema. "Hofu za nchi mbalimbali sharti zitafsiriwe, kwenda na kurudi. Yako inasemaje?"

"Naogopa kifo."

Solveig anaisema Kinorwe. Mizani inairudisha kwa Kiswahili: "Naogopa kukaa na mtu anayekufa nikakosa la kumwambia."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ilivyorudi."

"Hata yangu imerudi hivyo hivyo," anasema Solveig, na kwa mara ya kwanza namwona akilia.

Madawati yamekuwa vitanda. Kwenye kimoja amelala bibi mwembamba.

"Wajukuu zangu," anasema, "msijisumbue kutafuta maneno. Nisukeni nywele. Siwezi kusafiri hivi."

Solveig anashika upande wa kushoto, mimi wa kulia. Tunampaka mafuta ya nazi, tunasuka.

"Bibi, unaogopa?" nikamuuliza.

"Kidogo. Hapo nyuma usivute sana."

Nikalegeza. Akafumba macho, akacheka peke yake.

Mizani ikachungulia mlangoni, ikapima tena. "Uzito ni uleule," ikasema. "Ila sasa hofu ina mpini."

Nikaamka, kumekucha. Sikumwambia mtu kwamba naumwa. Nikachukua sare msumarini, nikaanza kufunga vifungo, lakini vilikuwa vinaniponyoka. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwa mafuta, na kwenye kidole gumba ulikuwa umejizungusha unywele mrefu, mweupe.

Solveig alikuwa ameketi kitandani, ameinua mkono wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Koku," akasema polepole, "na wewe unao?"