Zamu ya Kufagia Maktaba ya Bolti

Kiwanda chetu cha bonde la Rems, kusini mwa Ujerumani, kinatengeneza mashine za kusokota brezeli, ile mikate yenye umbo la fundo. Mashine ina mikono miwili. Mmoja unashika ncha ya kushoto ya kamba ya unga, mwingine ya kulia, mikono inapishana, inabana, na brezeli imepatikana. Mkono wa kushoto huchorwa na Bwana Dieterle, wa kulia na Bi Hornung. Meza zao zimetazamana kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na bolti zake, nati zake na bawaba zake ndani ya kompyuta yake, kama watu wa nyumba moja ambao kila mmoja ana chumvi yake.

Nilipoajiriwa, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, mikono ya mashine mpya ilikuwa imekutana karakanani na kukataa kupishana. Bawaba ya Dieterle ilikuwa nene mno, ikagonga ya Hornung.

"Hii ndiyo bawaba," alisema Dieterle. "Hiyo yako ni kibanio cha nywele."

"Na yako imetoka kwenye mlango wa kanisa. Irudishe, waumini wanapigwa baridi."

Nikaenda kwa mkurugenzi, Bwana Sigloch. Nikamwambia tuweke vipuri vyote vilivyochorwa kwenye seva moja, iwe maktaba yetu sote, na kila mchoraji achukue humo. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nadhani hata amani niliitaja. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wakiweza kushirikiana katika bolti moja wataweza kushirikiana katika mengine pia.

"Hiyo seva tutainunua?" aliuliza.

"Tunayo tayari. Iko stoo, nyuma ya mifagio."

Uso wake ukakunjuka. "Basi sawa. Mwisho wa mwezi anakuja mwokaji mikate kutoka mji wa Ulm kuitazama mashine kwenye skrini. Na miezi yako ya majaribio inaisha wakati huohuo. Mashine ikifunguka vizuri, maktaba inabaki na wewe unabaki. Isipofunguka, kila mtu na bolti zake, na wewe tutakuandikia barua nzuri ya kukutambulisha kwingine."

Niliwapa wote ruhusa ya kuweka, kutoa na kuhamisha. Sikutaka kufuli. Maktaba yenye kufuli, niliona, ni kabati tu.

Muda si mrefu ikawa jalala. Kulikuwa na "bolti mpya", "bolti mpya kweli", "bolti ya Dieterle usiguse", na chini yake, kwa mkono wa Bi Hornung, "bolti niliyoigusa". Kulikuwa pia na picha za nyanya za bustanini kwake. Nilipoomba tusafishe, kila mmoja alikubali kwa moyo mweupe kwamba mwenzake asafishe.

Ndipo siku moja, kwenye mapumziko ya saa tatu asubuhi, tukiwa tunakula brezeli za majaribio zilizotoka kombo, Dieterle akaanza kumsema jirani yake. Kwetu kibao cha zamu ya kufagia huhama mlango hadi mlango, kila nyumba wiki yake. Kilikuwa kimetundikwa mlangoni kwa mama huyo wiki nzima, naye alifagia ngazi akaacha ua wa mapipa ya taka.

"Ua wa mapipa!" alisema, akasukuma sahani yake. "Watu wanapita pale!"

Nikatazama jinsi alivyoumia, nikaelewa nilichokuwa nimekosea. Nilikuwa nimewahubiria udugu watu ambao wangeridhika kabisa na zamu.

Mchana ule nilikata boksi, nikaandika ZAMU YA KUFAGIA MAKTABA, nikakitundika kibao hicho kwenye kiti cha Dieterle. Alikiona, akakinyoosha kikae sawa.

"Mpaka Jumamosi?"

"Mpaka Jumamosi."

"Na vyumba vya chini?"

"Folda zote, Bwana Dieterle."

"Usisahau pembeni," alisema Bi Hornung bila kuinua macho.

Wiki nzima alifanya kazi huku akipiga mluzi. Sikumwuliza kitu. Niliona si adabu kumsimamia mtu mwenye furaha kiasi kile.

Jumatatu mwokaji akafika. Bwana Strohm alikuwa pande la mtu, ametoka kazini alfajiri, unga bado uko kwenye nyusi. Wote wakasimama nyuma yangu, nikaifungua mashine kwenye skrini.

Programu ya kuchorea ikasema haioni bolti. Nikabonyeza iendelee. Ikasema haioni nati. Haioni beringi. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Mwishowe ilitokea mikanda miwili na vipande vya bati vinavyoelea hewani, kana kwamba mashine ilishtuliwa ikakimbia ikaacha nguo.

"Mashine yenyewe iko wapi?" aliuliza Strohm.

Nikafungua maktaba. Ilikuwa imependeza ajabu. Vipuri vimepangwa kwa aina, kisha kwa unene, kisha kwa urefu, kila kimoja kina jina safi. Hata nyanya zilikuwa na folda yake. Ila hakukuwa na kitu hata kimoja kilichobaki mahali pake pa zamani, na programu huenda moja kwa moja pale ilipokiacha kitu mara ya mwisho, isipokikuta inakwama.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza Sigloch taratibu.

"Nilifagia," alisema Dieterle.

"Umefagia mpaka sakafu imeondoka," alisema Bi Hornung.

Sigloch akanigeukia. "Bi Kienle, inarekebishika?"

Ilirekebishika. Nilikuwa na nakala ya maktaba ya kabla ya wiki ile. Kubonyeza mara moja tu na kila kitu kingerudi, pamoja na kazi yangu. Mkono ulikuwa tayari.

"Utarudisha uchafu wote?" aliuliza Dieterle. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, amekumbatia kile kibao.

Nikaondoa mkono. "Bwana Strohm, una muda wa kahawa?"

"Mpaka nianze kukanda unga wa kesho."

Basi tukairudisha mashine kipande kwa kipande mbele ya mnunuzi, tukiionyesha programu kila kipuri kinakaa wapi sasa. Sigloch alizunguka chumba kama mtu anayesubiri daktari. Tulipofika kwenye bawaba, tukaikuta moja tu.

"Hii ya nani?" aliuliza Bi Hornung.

Masikio ya Dieterle yakawa mekundu. "Yako. Nilizipiga hesabu zote mbili. Yako nyepesi, na inashika vilevile. Yangu niliitupa."

Bi Hornung aliitazama bawaba yake kwenye skrini. Akamsogezea sahani ya siagi iliyoletwa pamoja na kahawa.

Strohm naye alikuwa ameshavuta kiti. "Hiyo bolti msiiweke hapo! Unga utaganda nyuma yake, niutoe na nini, na ulimi?" Wakaisogeza. Kabla ya chakula cha mchana mikono miwili ilipishana kwenye skrini bila kugusana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Si mbaya," alisema Strohm.

Kwetu mtu akisema hivyo, yuko karibu kulia kwa furaha. Akauliza anaweza kuipata lini.

Alipoondoka, Sigloch aliketi, akafuta paji la uso. "Unabaki, binti. Na maktaba yako inabaki. Lakini tia kufuli."

Nikaanza kumweleza habari za kuaminiana. Dieterle akanikatiza.

"Nifungie tu, mwanangu. Nikiona folda imekaa upande silali. Niruhusu kuweka, usiniruhusu kuhamisha."

"Na mimi nifungie," alisema Bi Hornung. "Akiweka nitahamisha makusudi."

Kwa hiyo nilifunga uhamishaji kwa wote, na mimi mwenyewe nikiwemo, maana sikuona haki kujibagua. Neno la siri nikampa Sigloch. Aliliweka mfukoni, akasogelea kompyuta, akashika kipanya kwa mikono miwili.

"Sasa kwa mfano mimi nikitaka kuhamisha kitu, nabonyeza wapi?"

"Usibonyeze!" tulisema wote watatu kwa pamoja.